Maharagi ya Kuhesabia Mizunguko

Walikale, juma moja mbele ya Pasaka

Mama Bahati, bibi yangu mupenzi,

Jambo sana. Uko aje huko Lushebere? Mugongo ilipona tangu kuzaa? Na ule mutoto wetu mupya, ananyonya muzuri? Nauliza mingi sababu sijamuona hata siku moja. Mimi niko muzima, ila mvua ya huku pori haina huruma, hata nguo hazikauke.

Najua unajiuliza sababu gani sijafika. Dinamo ya hapa kazini, ile inapeleka umeme ku dispansere, iliungua. Shefu aliniambia: "Yosefu, itengeneze. Siku dinamo itazunguka, njo siku ya konji yako, utaenda nyumbani." Weye! Niliruka kama mutoto.

Zilizoungua ni enduktere. Ni nyuzi za shaba zinazungushiwa ku chuma mara nyingi sana. Zenyewe hazitembee, zinakaa ku ukuta wa mashini. Umeme kidogo ukipita ndani, chuma inapata nguvu ya kuvuta, na kile kinazunguka katikati njo kinatoa umeme mwingi. Ziko ine, na zote lazima zipate mizunguko sawasawa, bila vile mashini itatetemeka na kuungua tena.

Kuhesabu kwa kichwa kulinishinda. Nikifika katikati nakuwaza, basi, hesabu imepotea. Njo nikatwaa maharagi ulinitumia mu kifuko, yale sikutaka kupika sababu yalitoka mu mikono yako. Kila mizunguko kumi, naweka moja mu kopo. Enduktere tatu zikakwisha, ya ine ikabakia kidogo tu.

Jana natoka kuoga, nasikia harufu ya nyumbani. Papa Petro, ule Munyanga anatupikia, ametwaa ya mu kifuko na ya mu kopo, yote! Ananicheka: "Yosefu, kila siku unaangalia maharagi ya bibi yako kama mufumu anayepiga ramli. Kula, roho itulie." Ayi, mama yangu! Nilitaka kumukemea, lakini alitia na mafuta ya mawese, na alikuwa na furaha kweli. Tukakula. Nililia, Mama Bahati, sikuficha.

Naweza kukisia hesabu ya ile ya ine, nifunge mashini, na kesho niko mu njia. Lakini ku dispansere wamama wanazaa mu giza. Leo asubuhi nimefungua uzi wote, naanza upya. Na verni, ile rangi ya kupaka ku nyuzi, haikauke upesi mu mvua hii. Pasaka itanipita.

Musiningoje tena. Muambie katekista amubatize mutoto siku ile bila mimi. Nilitaka kumupa jina mimi mwenyewe, nikiwa nimemubeba. Sasa chagua wewe.

Salimia mama yangu, na kaka mukubwa anayetuchungia ngombe, na Bahati, asikusumbue. Kwa mutoto sijue nitume salamu namna gani. Uniandikie jina lake upesi. Kila siku namuombea kwa Mungu nikisema "ule mutoto", na naona haya.

Ni mimi bwana yako, mwenye kukutamani,
Yosefu