Namna ya Kumpiga Picha Mama Mkwe Bila Kumtazama

Kijiji cha Kanazi,
Posta ya Ngara.
4 Februari 1979

Mpendwa Shemeji Pancras,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo uliyoniandikia nimeipokea kwa mikono miwili, marahaba sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Speciose na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa Noeli kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Magoti yangu yanalalamika mvua ikinyesha, lakini bado yananifikisha kanisani. Binti yangu Adelfina anakusalimu. Ndiye anayenipikia tangu dada yako Deodata, mke wangu, alipotutoka.

Naomba radhi kwa kuchelewa kujibu. Barua yako ilikwama Biharamulo kwa upungufu wa magari, maana mengi yamekwenda kusaidia vita. Kwamba Mama anazidi kudhoofika na sasa hamalizi hata uji, habari hiyo imenihuzunisha. Kwamba anataka kupigwa picha kabla Mungu hajamwita, na kwamba anataka nimpige mimi, habari hiyo imeninyima usingizi.

Uliniandikia maneno yake kama alivyoyasema, nami nilimsikia kabisa: “Yule kijana wa hapa mjini simtaki tena. Amenishika kidevu kama ng’ombe wa mnadani, kisha ananiamuru nicheke. Nicheke nini? Mwambieni mkwe wangu aje na lile sanduku lake. Yule ana adabu.” Adelfina alicheka mpaka akaweka ungo chini. Mimi sikucheka.

Nitakuja, Shemeji. Nisingethubutu kumkatalia Mama. Lakini niruhusu nikueleze mapema maandalizi yangu, kwa kuwa kamera hii niliyoachiwa na Padre aliyenifundisha kazi si kama hizo ndogo mlizozizoea. Ni sanduku la mbao lenye mfuko wa ngozi unaokunjuka kama kinanda cha mkono, nalo husimama juu ya miguu mitatu. Filamu yake haiviringishwi. Ni kipande kimoja kimoja, kipana kama kiganja, na hutiwa ndani ya kibweta chake gizani kabisa. Mwanga ukiingia hata kidogo, kazi imekwisha. Nimebakiwa na vipande viwili tu, tena vya zamani. Sijui kama bado vina uhai. Madukani Ngara havijulikani hata kwa jina.

Hofu yangu ya kwanza ni njia. Vizuizi ni vingi, na mgambo wana haki ya kufungua kila mzigo siku hizi. Balozi wetu wa nyumba kumi, Bukuru, alipoona nimeifunga miguu ya kamera katika blanketi alisema mbele za watu, “Mzee Ildefonce, ukishuka kivukoni Busisi na mzinga huo, watakupeleka moja kwa moja mstari wa mbele!” Hata hivyo ndiye aliyenisindikiza kwa Katibu, tukapewa karatasi yenye mhuri isemayo kwamba sanduku hili ni la kupigia picha, wala si silaha. Lakini mhuri haumzuii askari kufungua boksi la filamu ili aone kilichomo, na akishaliona ndani, hakuna picha tena. Nitalibeba ndani ya koti, na nikisimamishwa nitamsihi alipapase bila kulifungua. Naomba uniombee katika hilo.

Nitapanda lori la kahawa mpaka Biharamulo, na kutoka pale nitatafuta basi. Nikijaliwa, nitakuwa kwako kabla ya Jumatano ya Majivu.

Unisamehe kwa kukutuma kama mtoto, ila naomba chumba kisicho na dirisha, au chenye dirisha linalozibika kwa mablanketi, ili nipate kutia filamu. Nasikia mnazima taa mji mzima kwa kuogopa ndege za adui. Mungu anirehemu, giza hilo litanifaa. Naomba pia kiti chenye mikono, mahali pa uani penye kivuli cha asubuhi. Mama atalazimika kutulia kwa muda wa nusu ya Salamu Maria, maana ndivyo Padre alivyonifundisha kupima mwanga: naondoa kifuniko, nasali polepole, na nikifika penye jina la Yesu nakirudisha. Wala msimvike nguo mpya asiyoizoea.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, nawe uniwie radhi kwamba nimelizungukia.

Wewe ni mtoto wake, huenda hujaliwaza. Tangu nilipomwoa Deodata sijamtazama Mama usoni hata mara moja. Unajua desturi yetu ya ukwe. Akija njia hii, mimi huingia migombani mpaka apite. Tukilazimika kuwa chini ya paa moja, huketi nimempa ubavu. Ninachokijua kwake ni sauti yake na miguu yake. Mnaniita mwenye adabu kwa sababu hiyo.

Lakini kamera hii haijui ukwe. Kabla ya kutia filamu, mpiga picha hujifunika shuka jeusi na kutazama kioo cha nyuma, ambamo mtu huonekana kichwa chini, miguu juu. Humo ni lazima ayatafute macho ya yule anayepigwa mpaka yaonekane wazi, kope kwa kope. Macho hasa, si kitu kingine. Adelfina ananidhihaki: “Baba, mtu aliyepinduliwa kichwa chini umemtazama au hujamtazama? Mbona unamwogopa Bibi kuliko Nduli?” Nilimwambia aendelee kupepeta.

Nimetafakari sana, na nadhani njia ipo. Speciose aketi kwanza katika kile kiti, nami niyatafute macho yake. Kiti kichorewe chaki chini kisisogee. Kisha Speciose ainuke, Mama aketi, nami nitie kibweta. Kibweta kikishaingia, kioo kimezibwa na hakuna tena cha kutazama. Nitasimama pembeni nimeelekeza macho chini, nikisali kwa sauti, nawe utaniambia kama amefumba macho au khanga imempinda.

Ila sijui Mama akiketi macho yake hufika wapi. Nimeona aibu kugundua kwamba sijui. Tafadhali chukua uzi, upime kutoka kwenye kiti mpaka kwenye macho yake, uukate. Kama Speciose ni mfupi, tutamwekea mto.

Mpango ni mzuri, na ningekomea hapo kama ningekuwa mtu wa kuaminika.

Shemeji, picha ya Deodata sinayo. Ile moja tuliyokuwa nayo ilinyeshewa mwaka sabini na nne, tulipohamia kijijini na vyombo vyetu vikalala nje. Ilishikana na kioo chake, na nilipoibandua, uso ulibaki kwenye kioo vipande vipande. Nilipiga picha arusi za watu wote wa parokia, lakini filamu ilikuwa mali ya misheni, nami sikuona haki kuitumia nyumbani kwangu. Sasa uso wake unaanza kunikimbia. Naikumbuka mikono yake vizuri. Nalikumbuka paji la uso. Vilivyo chini ya hapo huja na kupotea.

Wakati wa matanga yake, wanawake waliomwosha walisema kwamba ugonjwa ulikuwa umemfanya awe mama yake mtupu: macho, mdomo, kila kitu. Wote walikubali. Mimi peke yangu sikuweza kusema ndiyo wala siyo.

Ndiyo hofu yangu kubwa, kuliko mgambo. Chini ya shuka lile hakuna anayejua mtu anatazama nini. Mama akija kuketi mapema kidogo, nami bado nimejifunika, nitatazama. Najijua. Na amenichagua mimi kwa kuamini kwamba sitatazama. Kwa hiyo nakuomba kama ndugu: nikimaliza na Speciose, lichukue shuka mikononi mwangu, ulikunje, uliingize ndani, ndipo umlete Mama. Filamu nayo uipeleke wewe kwa fundi wa mjini aisafishe, na picha upokee wewe.

Kisha naomba jambo moja zaidi, nalo naliomba waziwazi nisije nikaliiba. Muulize Mama, sasa, kabla sijaondoka huku, kama ataniruhusu nipewe nakala moja ya picha yake. Usimfiche sababu. Mwambie namtafuta binti yake. Wewe mwenyewe usimshawishi, wala usimjibie. Akikataa, nitakuja vilevile na nitampiga picha kwa moyo wote, na kurudi Kanazi mikono mitupu bila kinyongo. Akikubali, uifunge katika karatasi, nami nitaifungua nikishafika nyumbani, nikiwa na Adelfina, ili awepo wa kuniambia kama ndivyo mama yake alivyokuwa.

Mfikishie Mama shikamoo yangu, nami nimepiga magoti. Nisalimie Speciose, pamoja na mdogo wako Privatus akipita kutoka kazini. Adelfina anawatumia maharage kidogo nitakayoyabeba. Mungu awafunike na mkono wake katika siku hizi za vita, na amwachie Mama nguvu za kuketi kitini asubuhi moja.

Ni mimi shemeji yako akupendaye, nikisubiri neno la Mama,

Ildefonce Nyandwi