Jicho la Mukeke

Amahoro, Zuhura mujukuu wangu. Huku Rumonge tuko wazima; shangazi yako kajifungua msichana. Jirani ananiandikia, ila hasira ni zangu. Ati bosi wako anataka ufumue mchikichi ulioudarizi kwenye kadi, uweke theluji? Asikuchezee!

Mwaka wa uhuru nilidarizi kwenye kadi mukeke, samaki wa ziwa letu. Madamu aliyenunua kadi zetu akafoka, "Nani anataka samaki? Fumua, weka waridi!"

"Madamu, karatasi si nguo. Nikifumua, matundu yanabaki."

Akanifukuza. Nikaipeleka kadi kwa mama yangu, sokoni alikouza samaki. Akaikagua. "Mukeke kweli huyu. Lakini mbona kipofu?" Palepale nikachukua sindano, nikamtia jicho.

Mchikichi wako una chikichi? Kama hauna, ongeza, kisha mpelekee bosi hivyo hivyo, bila kufumua.

Bibi yako anayekupenda