Unga wa Mguu Wako

Dunedin,
19 Agosti

Kaka yangu mpendwa Tamati,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe, wifi Kahu na watoto hamjambo, na kondoo hawajaanza kuzaa. Mimi mwili mzima, moyo ndio haujatulia. Mguu je, bado unavuja? Nauliza huku nikijua kwamba jana hospitali walikupigia, wakakwambia upasuaji umeahirishwa kwa sababu za kiufundi. Kaka, sababu hiyo ni mimi. Soma mpaka mwisho kabla hujanifokea.

Kazi yangu unaijua, maana umeitangaza baa nzima ya Gore, na wenzako wanakutania ati dada yako anakupikia mguu wa udongo wa vikombe. Hawako mbali na ukweli. Tunadondosha asidi ya fosforasi tone kwa tone ndani ya maji ya chokaa, mashapo meupe yanatulia, tunayakausha na kuyachoma kwenye tanuri. Kwa unga huo daktari anazibia shimo la mfupani, na mfupa wako unakua humo taratibu. Sharti ni moja tu: anayedondosha asibanduke kwenye kipimo cha pH. Kikishuka chini ya kumi, tanuri linakupa kitu kingine, cheupe vilevile, lakini kinayeyuka mwilini kabla mfupa haujakua. Kwa shimo kama lako, mguu ungevunjika tena, na daktari alishakwambia safari hii ukivunjika wanakata.

Ijumaa ya wiki ya juzi ilikuwa zamu yangu ya chai ya saa nne. Unatujua watu wa huku, ukija mikono mitupu siku ya zamu yako utasemwa mpaka Krismasi. Nilikuwa nimekunja mikate ya jibini kama ya mama, nikaiweka kwenye oveni. Harufu ya kuungua ikanifuata mpaka maabara. Nikakimbia bila kufunga bomba la asidi, nikijiambia ni dakika moja. Huko jikoni wenzangu wakanishika kwa sifa na soga, zikawa dakika kumi na tano. Niliporudi kipimo kilisoma nane. Nikaongeza amonia kikapanda, nikaandika daftarini kwamba hakikushuka hata mara moja. Nilijua naandika uongo.

Mkuu wetu, Dakta Elspeth, akataka unga upimwe kwa mionzi. Nikapeleka wa chupa ya mwezi uliopita, ukapita bila shida. Akanipongeza mbele ya watu, nami nikachekacheka tu.

Jana asubuhi nilimwendea nikamwambia. Hakufoka. Aliniuliza kama wewe unajua, nikasema bado, akasema basi nikae niandike. Funguo zangu kazichukua, na wiki ijayo nitaitwa kwenye kikao. Chupa imetupwa. Itapikwa nyingine, si kwa mikono yangu, nawe utapasuliwa mwishoni mwa Septemba. Naumia kwamba kondoo watazaa bila wewe. Tena nakujua, utasema mdogo wako kakuokoa mguu.

Usiseme hivyo, kaka. Chupa ile haikuwa yako, wewe ulikuwa wa chupa inayofuata. Ilitengewa bibi mmoja wa Oamaru, jina lake Noeline, mwenye shimo kama lako. Siku kumi nzima nilijua itaingia kwenye mguu wake, na nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Jana akashikwa na mafua makali, wakamwondoa kwenye orodha, wakapandisha jina lako. Hapo ndipo nilipokwenda kugonga mlango wa Elspeth. Yeye anadhani dhamiri ilinisuta. Kesho nitamwambia na hili, lakini nilitaka wewe ulijue kwanza: asingeugua yule bibi, ningemwacha akatwe mguu.

Nisalimie wifi na watoto. Wao waambie utakavyoona inafaa. Uguza mguu wako, na ukishindwa kunijibu nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Ripeka