Tairi Badala ya Viatu

Baba watoto,

Maharagwe yako jikoni, yapashe tu, usiongeze chumvi. Mama yako amelala chumba cha watoto. Ni mzima, usimwamshe.

Asubuhi nilimpakia kwenye pikipiki kumpeleka kliniki. Mvua ilikuwa imelowesha ule mteremko wa udongo, na chini lori limekwama, limeziba njia. Nikakamata breki nikijua tumekwisha. Lakini lile tairi ulilonipa likang'ata udongo, tukasimama karibu kabisa na bampa. Mama, ambaye tangu unioe hajawahi kunisifu, akasema, "Mkwe wangu, mikono yako ina baraka." Nikamjibu, "Si mikono, mama. Ni mwanao." Tukageuza kurudi nyumbani; kliniki tutakwenda njia ikifunguka.

Maana siku yangu ya kuzaliwa nilitaka viatu, ukaniletea tairi lenye meno kama mamba, umelifunga utepe! Tena ukajisifu ulivyobonyeza kila tairi dukani na kusoma tarehe ubavuni, hadi muuzaji akauliza unanunua au unachumbia. Hata mimi hukunichumbia hivyo. Nikanuna. Ukasema lile tairi kipara la zamani lingetuua, nikaziba masikio.

~~Viatu basi, yaishe.~~ Hapana, viatu bado navitaka. Naenda kazini kwa miguu, utelezi wa leo umenitosha, na soli ya kushoto itapiga makofi njia nzima.

Pikipiki iko uani. Usiioshe. Nataka jioni tulitazame hilo tairi pamoja, na tope lake katikati ya meno.

Asante, mume wangu.

Mama watoto