Fiona na Vazi Lililoshonwa Tupu

Fiona mpendwa wetu, leo umetimia mwaka tangu gari lako lilipoteleza kwenye barafu, asubuhi ukienda kazini kwenye makao ya wazee ya Woodbury, huku ughaibuni, ukatuacha ukiwa na miaka ishirini na minne tu.

Wazee uliowahudumia bado wanakuulizia. Mmoja alimwambia mama yako kwamba ulikuwa unaipasha taulo joto kwanza, ndipo unamfuta uso. Wewe hukutuambia hata siku moja.

Tunaikumbuka na ngoma yako ya Kithai, uliyofundishwa na Mwalimu Wilaiwan wa Saint Paul. Ukisubiri chai ichemke, ulikuwa unavikunja vidole kuelekea nyuma mpaka tunafumba macho. Hata sasa chai ikichemka tunasikia kisigino chako kikigonga sakafu. Wote tunageuka kutazama.

Lile vazi la nyuzi za dhahabu alilokuazima Mwalimu halina zipu wala vifungo. Mchezaji hushonewa mwilini kabla ya onyesho, na likiisha nyuzi hukatwa. Mwalimu alijua bibi yako Bernadetha alikuwa fundi cherehani Bukoba, akamkabidhi sindano.

"Kaza, Bibi," ukamwambia.

"Na ukitaka kwenda chooni?"

"Hakuna choo, Bibi. Mpaka ngoma iishe."

"Basi hiyo si ngoma, ni jela!"

Ukacheka, naye akakukemea utulie, asije akakuchoma.

Baada ya mazishi, bibi yako alilishona vazi likiwa tupu, mgongo wote, uzi mara mbili, mtu mwingine asiingie. Akalitundika kabatini. Lilikuwa limeshika umbo lako, mabega na kiuno. Kila akifungua mlango alilikuta limegeuka kumtazama, akatoka chumbani kinyumenyume.

Mwezi uliopita Mwalimu alikuja. Kuna binti anaitwa Pim, zamu yake ya kucheza imefika, na vazi la kimo chake ni hilo moja tu. Alipouona ule mshono hakumlaumu mtu. Aliupapasa, akasema, "Mama, umeshona vizuri. Nitangoja." Akanywa chai, akaenda zake.

Siku tisa bibi yako hakuligusa. Siku ya kumi alilitandaza mapajani akafumua, uzi mmoja mmoja, akikuita kwa jina. Hakuna aliyeitika.

Jumamosi alimshonea Pim. Chini ya kitambaa mgongo ulikuwa na joto, unapumua, na bibi yako akaisimamisha sindano.

"Taratibu tu, Bibi, nipo," binti akamwambia.

Akaenda jukwaani. Bibi yako hakuweza kutazama. Alisimama nyuma ya pazia, mkasi mkononi, akimwomba Mungu mpaka muziki uliponyamaza. Na yule binti akarudi.

Unakumbukwa na bibi yako Bernadetha, wazazi wako Sebastian na Keziah, mdogo wako Timothy, na Mwalimu Wilaiwan. Fiona, maadamu tunaishi, hutasahaulika.