Tuta Lililotolewa Salamu

Kitongoji cha Mlimani,
Kibiti.
9 Julai 2026

Mpendwa wifi yangu Safina,

Asalamu aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Liwale, wewe na mama yako, na babu yenu pia, ambaye uliniandikia magoti yanamsumbua. Nasikia baridi ya mwezi huu huko kwenu haina adabu. Jifunike, wewe tangu zamani mtu wa kifua. Sisi huku tunapumua. Mama presha inampanda na kumshuka, mimi mgongo, lakini hayo tumeshayazoea na Mungu tunamshukuru.

Barua yako niliipata tangu mfungo wa Ramadhani, na najua umeshanisema kwamba wifi yangu ana kiburi. Si kiburi. Ungenipigia simu ningekujibu tuko salama nikakata, na ungebaki hujui kitu. Sitakuficha, nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika, nikajisemea kumbe ameshapata mtu. Kisha nikajitia adabu. Wewe ni mwanamke mzima, umengoja mwaka wa tatu huu mume asiyerudi, na hamkujaaliwa hata mtoto wa kukushikisha.

Uliomba neno moja tu, mama akiri kwamba mwanawe Miraji amekufa, ili shehe wenu akufungulie njia. La sivyo ungoje miaka minne itimie. Neno hilo leo ninalo. Nitakueleza nilivyolipata, maana sikulipata kwa uzuri, na sitaki ulipokee ukadhani mama alilitoa kwa moyo mweupe.

Unajua alivyokuwa. Tangu masika ya mwaka juzi, maji yalipomchukua mdogo wangu kule Mohoro akirudia magunia ya mpunga, hakuna aliyethubutu kutaja hitima mbele yake. Jibu lake lilikuwa hilohilo, asiyezikwa hasomewi. Watu walikuja kutoa pole, akawakaribisha chai na kuwauliza habari za mvua. Nilipomsomea barua yako aliinuka, akachukua ungo, akaanza kupepeta mchele niliokuwa nimeshaupepeta.

Sasa kiwanja tulichopewa huku juu hukijui, ulishaondoka. Ni changarawe tupu, jembe likigonga chini linakurudia usoni. Sisi watu wa bondeni tumezoea kumwaga mbegu kwenye tope la mto na kwenda zetu. Huku mwaka mzima tumekula mboga ya kuomba kwa watu, na kuomba kunachosha kuliko kulima.

Mwezi wa tatu bibi shamba, binti mmoja mwembamba mwenye sauti kubwa, alituita wanawake wa kitongoji akatufundisha tuta la kuinua. Unajenga ukuta mfupi wa chochote ulicho nacho, unajaza udongo mzuri ndani, unapanda juu ya ardhi badala ya kugombana nayo. Akasisitiza tusinunue kitu, tutumie vya kuokota. Nikacheka, maana hata asingesisitiza.

Nikaingia kazini. Bwana Ladha wa dukani alikuwa anapeleka mzigo Mohoro, nikaomba lifti kwenye pikapu yake, nikafika pale ilipokuwa nyumba yetu. Wifi, usije ukatamani kwenda. Nilichokoa matope nikapata matofali ya jiko yaliyobaki mazima, na mwimo mmoja wa mlango wa chumba chenu, wewe na Miraji, mninga ule, maji hayakuuweza. Niliporudi, Jigna mke wa Ladha akanipa viroba vitupu vya mchele na mbao za vichanja wanavyowekea saruji. Sikutumia hata senti.

Nikalijenga chini ya dirisha la mama. Urefu pima moja, upana dhiraa mbili ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani, kimo cha goti. Nikalilaza kukingama na mteremko mvua isibebe udongo. Chini makumbi ya nazi, juu yake samadi na pumba za mpunga, kisha udongo mweusi niliopanda nao kutoka bondeni hapa chini yetu, ndoo kwa ndoo, mpaka shingo ikaingia mabegani. Viroba nikavichana nikavitandika kwa ndani kuziba nyufa. Upande wa mashariki matofali yalikataa kusimama, nikausimika ule mwimo wima uyashikilie. Udongo ukazidi, nikauacha umevimba juu. Nikasimama pembeni mikono kiunoni, nikajisifu peke yangu.

Jina alilonipa mama linanishitaki mpaka leo. Kitu cha pima moja, kina mgongo, kimelala mashariki na magharibi, na ubao umesimama kichwani! Mtoto wa madrasa angeona. Mimi, Sikujua binti Haidari, nikaona mchicha.

Wa kwanza kuona ni Abdalah muuza mkaa. Alipita asubuhi moja, mchicha ukiwa ndiyo kwanza unachomoza, akashuka kwenye baiskeli, akatoa salamu wanayotolewa watu wa makaburini, akainua viganja akasoma Fatiha. Kisha akaniuliza kwa upole tumefiwa na nani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia marehemu anaitwa Mchicha, na akifufuka nitampelekea fungu. Abdalah akaona haya, akasukuma baiskeli yake akaenda.

Mama alikuwa mlangoni, hakucheka. Alishuka polepole, akavua kandambili, akaenda mpaka kwenye ule mwimo akaushika kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia.

"Mmempata?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana, na niseme kwa sauti. Nilisema, mama, hili tuta la mboga. Lakini nilisema kwa kunong'ona, nikitazama chini. Mwoga ni mwoga tu, wifi, hata awe na ulimi mrefu kama wangu.

Tangu siku hiyo kila akimaliza kuswali alasiri alibeba mkeka na tasbihi akaenda kukaa pale. Alinyunyiza maji kwa kiganja. Akapanda mrihani katikati ya mchicha wangu. Na akaanza kula, Safina! Akaanza kulitaja jina la Miraji, akanisimulia alivyokuwa mtoto akikataa kunyolewa, vitu ambavyo hata mimi dada yake nilikuwa sivijui. Kwa miaka miwili sikuwa nimemsikia akisema hivyo. Nilifurahi, na papo hapo nilikuwa naogopa.

Mchicha nao ukashamiri, majani mapana yanakutazama, na hairuhusiwi kuchuma hata moja. Ukarefuka, ukatoa mbegu, nasi ndani tunakula ugali kwa chumvi. Jirani yetu Salima alikuja kuomba mboga, alipojua inatoka wapi akasema mboga ya kaburini yeye haimpiti kooni. Basi likaenea kitongoji kizima. Mwalimu Fikirini wa msikitini akanijia kwa heshima zake, akaniambia kaburi lisilo na mtu ni uongo, leo mrihani, kesho ubani, keshokutwa watu wataweka nadhiri. Akasema niliyelijenga ndiye nilivunje.

Kabla ya kulivunja nikaona nijaribu kulipata lile neno lako. Nikamuuliza mama, je, nimwandikie Safina sasa, kwamba mumewe amekufa? Akasema uje kwanza umwone Miraji pale, ndipo naye atasema. Wifi, nilikosa pa kushika. Nikutoe Liwale, upande magari mawili, uje uvue viatu mbele ya mchicha? Na shehe wenu afungue ndoa kwa ushahidi wa mchicha? Nilikataa. Niliona ni haramu juu ya haramu, na kwamba hata wewe usingelala kwa amani katika ndoa mpya iliyopatikana hivyo.

Siku ya kliniki mama alikwenda Utete na Salima kupima presha. Walipopotea kwenye kona nikashika jembe. Nilibomoa matofali, nikang'oa mwimo, nikatawanya udongo kwenye matairi mawili ya gari niliyoyaokota, nikapanda bamia. Mrihani nikauhamishia kwenye kopo. Kazi ya saa mbili. Nilikuwa nalia lakini sikuacha.

Walirudi alasiri. Mama alisimama pale, mfuko wa dawa mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kwa kuzimia, kwa kulaaniwa. Hakufanya lolote katika hayo. Alisema taratibu kabisa:

"Najua hayumo, Sikujua. Mimi si mwendawazimu. Nilikuwa nimepata pa kukaa."

Nikamwambia nitalirudisha, sasa hivi, kabla ya magharibi. Nilikwisha kuanza kukusanya matofali. Akanishika mkono.

"Acha. Likirudi litakuwa tuta."

Basi nimekuandikia nikiwa na hilo kifuani. Mwalimu Fikirini ananisifu kwamba nimefanya vyema, na Salima sasa ameshaniagiza bamia zikizaa, bila woga. Mimi nikiyaona yale matairi nageuza uso. Sikumuuliza mama. Huo ndio uovu wangu wote, nilimfanya mtu aliyepotewa na akili wakati alikuwa na akili kuliko mimi, na swali la dakika moja lingetosha.

Kwa siku nne hakutoka nje. Chakula anakionja tu, anarudisha sahani. Jana adhuhuri akaniita, akaniambia niilete barua yako nimsomee tena, pole pole, asiachwe na neno. Nilipomaliza akaniamuru niandike hivi, nami naandika kama alivyotamka: "Mimi Mwanabibi, mama yake Miraji, nasema mwanangu amekufa. Safina asingoje." Mwalimu Fikirini ameshuhudia na ametia sahihi kwenye karatasi niliyoibandika nyuma ya barua hii, mpe shehe wenu. Hitima tutaisoma Ijumaa ya wiki ijayo. Eda yako shehe atakuhesabia, usijihesabie mwenyewe.

Nilidhani amemaliza, nikafunga kalamu. Akasema bado. Akasema ukiolewa na huyo bwana, Mungu akakupa mtoto wa kiume, najua ulivyo na moyo, utataka kumwita Miraji. Anakuomba usimwite hivyo. Anasema mwanawe atalisikia jina lake limeitwa, na ataitika.

Wifi, ulilolitaka umelipata, lakini limeng'olewa kwa jembe, na jembe nilishika mimi. Usijilaumu wewe kwa kuuliza, ulikuwa na haki ya kuuliza. Nakuombea ndoa yenye kheri. Usitupe namba zetu. Wewe ni wifi yangu, na hilo hakuna shehe wa kulifungua.

Nisalimie mama yako sana, mwambie nguo alizonitumia zilifika. Nisalimie babu, na mdogo wako Zuena na mumewe. Ladha na Jigna wanakusalimu, na Salima pia, pamoja na mdomo wake. Mama hajaniambia nikusalimie. Baada ya kunitamkia maneno yale aligeukia ukutani, na mpaka ninapoandika hapa hajageuka.

Mola akuhifadhi, akufungulie milango iliyo na heri, na amrehemu Miraji wetu popote maji yalipomlaza.

Mimi wifi yako nikupendaye,
Sikujua Haidari