Dole Gumba

Shinyanga, 11 Machi 1980

Kaka Luhende,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Mvua imefika Didia? Limi ameota meno mawili.

Usishangae mwandiko huu, ni wangu. Nilijifunza darasa la watu wazima mwaka jana, Baba Limi alipokuwa vitani Uganda. Hajui mpaka leo. Naandikia dukani kwa Mama Savita, nyuma ya majora ya vitambaa. Akiuliza mtu, nimekuja kupimwa gauni.

Kaka, tangu arudi ananipiga kwa mkanda wa jeshi. Juzi mkanda ulimpata Limi nikiwa nimembeba mgongoni. Nilikwenda kwa mke wa mkubwa wake, nikamwonyesha alama. Alinipa chai, akasema vita imewavuruga wote, nivumilie. Nilipofika nyumbani Baba Limi alikuwa ameshaambiwa.

Njoo Jumamosi, tarehe 22. Sema Mama anaumwa sana, ananiita mimi na mtoto. Mbele ya askari wenzake hataweza kunizuia nisimwone mgonjwa. Usijibu, barua zote za kambini anazipokea yeye. Ukifika usiniulize kitu, hata ukiona jicho langu.

Zile barua zote za nyuma, kwamba mimi ni mzima na nyumba ina amani, aliziandika yeye. Mimi niliambiwa niweke dole gumba tu.

Ikija nyingine ya dole gumba kabla ya Jumamosi hiyo, usiiamini. Njoo.

Mdogo wako,
Nkwimba